Kura ya Banda la Nguruwe

Cattersham, 6 Mei 1831

Mjomba wako Enoch amepiga kura! Enoch, mwanangu, Enoch yuleyule! Amepanda jukwaani mbele ya mji mzima, akavua kofia, akataja majina ya wabunge wawili kwa sauti kama ya mchungaji, na karani akaandika. Na sufuria iliyompa kura hiyo ni yangu mimi mama yako, ile ya chuma niliyokupikia uji ulipougua surua.

Sasa salamu. Hujambo, Ambrose? Kifua kimepona? Unakula? Huku wote wazima.

Wewe umekaa London miaka minne sasa, umezoea watu wanaopimwa kwa mashamba yao. Huku kwenu bado tunaulizwa jambo moja tu: unachemsha sufuria yako mwenyewe, kwenye meko yako mwenyewe, nyuma ya mlango wako mwenyewe? Ukijibu ndiyo, na majirani wakakubali, wewe ni mpiga kura, hata kama suruali yako ina kiraka juu ya kiraka. Shida ya Enoch ilikuwa kwamba alilala kwangu na kula mezani kwangu. Ndipo msimamizi wa Bwana Mkubwa Wexcombe akaja, tena kwa adabu, akasema bwana wake ana kibanda Mtaa wa Nyuma, na mtu atakayeishi humo na kukumbuka fadhila siku ya kura hatadaiwa kodi. Kibanda chenyewe kilikuwa banda la nguruwe. Matofali ya meko akaleta yeye mwenyewe kwa mkokoteni! Tukapiga chokaa, tukatoboa dohani ya kutolea moshi, nguruwe tukamhamishia uani, na Enoch akahamia ndani kama bwana harusi.

Wiki ya kutoa sufuria barabarani ilipofika, kila mwanamume aliweka meza mbele ya mlango wake akala hadharani, ionekane kwamba anajipikia. Mama Tuckett akapita, unamjua Dorcas alivyo na macho. "Keziah, mbona sufuria ya kaka yako ina ufa kama ile yako?" Nikamwambia, "Dorcas, wewe kaonje supu yako, harufu imefika hadi huku." Watu walicheka! Halafu nikawaambia kwamba hata nguruwe angepata kura mwaka huu, ila hana kofia ya kumvulia karani. Maneno hayo yamezunguka mji mzima, kila nikienda bombani naombwa niyarudie. Enoch amenuna, lakini ananuna akiwa mpiga kura.

Jibu upesi. Nitasoma barua yako bombani, wasikie unavyoandika.

Mama yako,
Keziah Pardoe


London, 12 Septemba 1831

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kazi ni nyingi na majira ya joto yamekuwa mabaya hapa mjini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekumbuka nyumbani, mama. Jioni nikiweka kalamu chini nafunga macho nijaribu kupita Mtaa wa Nyuma, kuanzia kwa mtengeneza ngozi hadi kwenye kijito, na naona nimeanza kusahau milango. Hebu nitembeze. Niandikie mlango kwa mlango: nani anaishi wapi siku hizi, nani kajenga, nani kahama, meko zipi ni za zamani na zipi zimetengenezwa kwa ajili ya kura kama ile ya mjomba. Usiache kitu, hata kidogo. Unajua hakuna anayesimulia kama wewe.

Mwanao,
Ambrose


Cattersham, 25 Septemba 1831

Marahaba, baba, marahaba mara kumi! Nimesoma barua yako bombani hadi pale unaposema hakuna anayesimulia kama mimi, nikarudia hapo, kisha nikakunja. Yaliyobaki ni yetu wawili. Dorcas aliuma mdomo. Wanawe wawili hata jina lao hawaandiki.

Haya, nishike mkono twende.

Kwa mtengeneza ngozi hakujabadilika, bado kunanuka. Mlango unaofuata ni wa Dorcas, na hapo utaona maajabu, kwa sababu siku hizi una milango mitatu! Nyumba ni ileile moja, ila wamepigilia mbao katikati wakagawa vyumba, kila mtoto wake wa kiume akapata mlango na meko. Moshi wote unatoka kwenye dohani moja, maana hizo mbili nyingine ni vigae tu vimesimamishwa juu ya paa. Kwa mzee Purkis utakuta mpwa wake anaishi kwenye zizi, na farasi yumo ndani naye. Akichemsha maji farasi anapiga chafya. Nyumba ya kufulia nguo ya marehemu Bi Fripp ina wapiga kura wawili, ndugu, kila mmoja na kona yake, na tangu kura ipite hakuna aliyewasha moto humo. Wanakula kwa dada yao.

Halafu tunafika kijitoni, mpakani. Unakumbuka nyumba ya Gideon fundi magurudumu, iliyojengwa juu ya maji? Upande wa kitanda uko nje ya mji. Upande wa mlango uko ndani. Basi babu zake walikuwa wakipika upande wa kitanda na hawakupata kura hata siku moja. Gideon kahamisha meko! Sasa analala nje ya mji, anapika ndani ya mji, na kura kaipata. Aliponionyesha nilimwambia ageuze na kitanda, asije akaota ndoto za watu wa shamba.

Nyumba za kweli, zenye moto kila siku, mtaa wetu hazijai vidole vya mikono. Lakini kura zinajaa mikono na miguu ya watu wawili! Ndiyo maana mji mdogo kama huu una wabunge wawili, wakati Brockhurst kule, na viwanda vyao vya nguo na moshi wote ule, hawana hata mmoja. Wana pesa, sisi tuna akili.

Nimekutembeza vizuri? Nimekufumia na soksi, jozi mbili. Vaa za kijivu kwanza.

Mama yako anayekupenda,
Keziah Pardoe


London, 3 Novemba 1831

Mama mpendwa,

Shikamoo. Soksi zimefika, nimevaa za kijivu.

Nina habari. Nimepata nafasi kwa makamishna wa mipaka. Kama ulivyosikia, serikali inataka Bunge libadilishwe, na makamishna wanapita kila mji wa uchaguzi kuhesabu nyumba na kuchora mipaka, ili ijulikane miji ipi ibaki na wabunge wake na ipi isibaki. Mimi ni msaidizi wa Kapteni Loveridge. Nachora ramani zake. Huenda akapita kwetu mwezi huu. Mimi sitakuwa naye, nitakuwa Brockhurst.

Sitaweza kuja Krismasi.

Mwanao,
Ambrose


Cattersham, 28 Novemba 1831

Kapteni amekalia kiti changu! Kile cha baba yako! Amekula andazi langu la tufaha, akaomba la pili, akaniambia, "Mama Pardoe, mwanao ana jicho, atafika mbali." Nilitamani wangesikia wote, na wakasikia, kwa sababu nilikuwa nimeacha mlango wazi makusudi, na baridi yote ile.

Mwanangu, unajua umenifanya nini? Tangu barua yako ifike nimekuwa mtu mwingine. Natembea katikati ya barabara. Mwenye baa ya Jogoo Mweupe, ambaye hajawahi kunisalimia zaidi ya kutikisa kichwa, amenivulia kofia. Watu walikuwa na hofu, nakwambia ukweli. Walisikia miji midogo itafutwa. Nikawaambia, "Nyie, ramani anachora nani? Si Ambrose? Mnadhani atachukua kalamu afute mji uliomzaa?" Wakatulia. Dorcas ameniletea jibini nzima nikutumie, iko njiani. Gideon ametuma salamu na kijiko cha mbao alichokichonga. Enoch amekutengenezea viatu, kabla ya kumaliza vya wateja waliolipa.

Na Kapteni huyo umemfundisha vizuri! Hakuuliza njia. Alishuka Mtaa wa Nyuma kama mtu aliyezaliwa hapo. Akasimama kwa Dorcas, akatazama juu kwenye dohani, akacheka kidogo, akaandika. Akaenda moja kwa moja kwenye zizi la Purkis, hakubisha hata kwenye nyumba tatu za kabla yake. Kwa Gideon aliomba aonyeshwe upande wa kitanda. Dorcas akaninong'oneza, "Kajuaje huyu?" Nikamjibu, "Kajuaje? Mwanangu anawaelezea wakubwa habari za kwetu, kwa mapenzi. Anakumbuka hadi dohani yako." Nilijisikia fahari, Ambrose, hadi machozi yakanitoka pale pale mbele ya farasi.

Usijali kuhusu Krismasi. Mtu wa serikali hana Krismasi.

Mama wa mchora ramani,
Keziah Pardoe


Brockhurst, 15 Desemba 1831

Mama,

Shikamoo. Jibini na viatu vimefika. Tafadhali usipokee kitu kingine kwa jina langu, na usimwahidi mtu yeyote chochote. Ninakuomba sana. Siamui mimi. Ninachora ninachoambiwa.

Hapa Brockhurst, kutoka dirisha langu, naona watu wakitoka viwandani jioni. Ni wengi mno, mama, barabara haiwatoshi. Hakuna hata mmoja anayesemewa bungeni.

Vaa shali yako. Baridi ni kali.

Ambrose


Cattersham, 9 Machi 1832

Ambrose,

Jana ripoti ya makamishna ilisomwa Jogoo Mweupe. Mwenye baa alisimama juu ya benchi. Wanawake hatuingiagi, lakini jana nilipewa kiti mbele, karibu na moto, kwa sababu mimi ni mama yako. Nilivaa kofia ya kanisani.

Akasoma Cattersham. Akasoma kwamba nyumba nyingi si nyumba. Akasoma ile iliyogawanywa kwa mbao, yenye dohani za uongo. Dorcas alikuwa amesimama nyuma yangu na mkono begani kwangu. Nikausikia ule mkono unaondoka. Akasoma zizi na farasi ndani. Akasoma mtu anayelala upande mmoja wa mpaka na kupika upande wa pili. Kisha akasoma kwamba meko moja imo ndani ya banda la nguruwe, na kwamba wenyeji wenyewe wanatania kuwa nguruwe naye angepata kura kama angekuwa na kofia.

Hakuna aliyecheka. Mwenye baa aliinua macho kutoka kwenye karatasi akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Nani katika mji huu hajui ule utani ni wa nani?

Dorcas akasema, taratibu, wala hakupiga kelele, "Keziah, ulilipwa ngapi?"

Nikasema sikulipwa kitu. Nikasema nilimwandikia mwanangu tu. Basi ndipo wakaanza kupiga kelele, maana hapo nilikuwa nimekiri.

Mji umefutwa kwenye orodha, inangojwa sheria ipite tu. Wabunge wote wawili wameondolewa. Kiti kimepewa Brockhurst.

Jioni walinipigia masufuria. Wewe ulikuwa mdogo walipompigia yule mume aliyekuwa akimchapa mkewe, labda unakumbuka: mtaa mzima nje ya mlango mmoja, kila mtu na sufuria na mwiko, wanapiga, wanapiga, hadi aliye ndani ajue kwamba hana jirani tena. Nilichungulia pazia. Nikawaona wana wa Dorcas, ambao niliwalea pamoja nawe. Nikamwona Gideon. Enoch alikuwa ndani na mimi, ameziba masikio, amejaa hasira, na sikujua hasira hiyo ni juu yao au juu yangu.

Nina swali moja. Niambie Kapteni alizikuta barua zangu mezani kwako akasoma bila wewe kujua. Niambie hivyo nitaamini. Nitasimama bombani nitangaze.

Mama yako


Cattersham, 20 Machi 1832

Kwa mpwa wangu Ambrose,

Mimi si mwandishi, nashona viatu. Vile nilivyokutumia, kama vinakubana, vizuri.

Mama yako hajui kwamba naandika. Leo msimamizi wa Bwana Wexcombe amepita Mtaa wa Nyuma tena, lakini safari hii hana adabu wala matofali. Anasema nyumba hizi ni za bwana wake, alituweka bure kwa ajili ya kura, na sasa kura haipo, basi hatuna faida kwake. Wote tutoke kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa mwezi wa tisa. Mimi, ndugu wa kwa Fripp, mpwa wa Purkis, wana wa Dorcas na wake zao na watoto. Hilo mliliandika kwenye ripoti? Au Kapteni hakuuliza tutalala wapi?

Nasikia umechora mpaka wa Brockhurst kwa mkono wako. Unaishia kwenye lango la ushuru, mwendo wa kuvuta kiko kimoja kutoka hapa. Huko ni watu. Huku ni nguruwe wasio na kofia. Sawa.

Mimi nina ngozi ngumu. Lakini mama yako sasa anateka maji alfajiri kabla wenzake hawajaamka, ili asikutane na mtu. Yule Keziah! Mwanamke ambaye hajawahi kupita bombani bila kupoteza nusu saa. Amenyamaza, Ambrose. Nyumba nzima imenyamaza. Ningependa apige kelele.

Mjomba wako,
Enoch


Brockhurst, 2 Aprili 1832

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Sitakudanganya. Kapteni hakuzikuta barua zako. Nilimsomea mimi.

Naomba unisikilize kabla ya kunihukumu. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba nyumba za kweli hazijai vidole vya mikono. Wabunge wale hawakuwa wenu hata siku moja. Walikuwa wa Bwana Wexcombe. Yeye ndiye aliyemtajia mjomba majina ya kusema jukwaani, na mjomba akayasema. Mji wa mtu mmoja ulikuwa na sauti mbili bungeni, na hapa maelfu ya watu hawana hata moja. Jana fundi mmoja wa nguo, mzee kuliko mjomba, alinishika mkono barabarani akalia, kwa sababu atapiga kura kabla hajafa. Nimeshiriki katika jambo la haki, mama. Hilo nitalisema popote.

Na sikupenda kufanya vile. Kuanzia siku ile ya mwezi wa nane mwaka jana Kapteni alipotuuliza nani kati yetu anaijua Cattersham kwa ndani, nikainua mkono, sikupata usingizi mzuri. Kama ningekuambia, ungejikuta katikati yangu na majirani. Nilitaka usibebe mzigo huo. Nilidhani jina lako halitajulikana. Ule utani nilisahau kuufuta.

Habari za kufukuzwa Mtaa wa Nyuma sikuzijua. Sikuwaza kwamba Bwana Wexcombe angefanya hivyo. Nimeumia sana.

Njoo ukae nami hapa Brockhurst. Nina vyumba viwili sasa, na mshahara umeongezwa.

Mwanao anayekupenda,
Ambrose


Brockhurst, 14 Mei 1832

Mama,

Hujanijibu. Nimeandika mara mbili na mjomba naye kimya. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote aandike neno moja tu. Niko tayari kutuma gari likuchukue.

Ambrose


Cattersham, 16 Juni 1832

Ambrose,

Siumwi. Nilikuwa nafikiri, na kama ujuavyo, sijazoea kufanya hivyo bila kusema kwa sauti, ndiyo maana imechukua muda.

Sheria imepita. Kengele za Brockhurst tulizisikia hadi huku, upepo ulikuwa wa upande wenu.

Nimesoma barua yako ya mwezi wa nne hadi imelegea kwenye mikunjo. Na haki nakupa. Nimekaa na maneno ya yule fundi wa nguo aliyelia, nikasema, haya, na yeye ana mama. Sikatai kwamba Enoch alisema majina aliyopewa. Nilikuwepo, nilimsaidia kuyakariri nikimenya viazi. Kama ungekuja hapa, ukakaa kwenye kiti cha baba yako, ukasema, "Mama, kura zenu ni za uongo na mimi nitazitoa nje," ningekurushia mwiko. Ningekupigia kelele mtaa mzima usikie. Halafu ningekupakulia chakula. Huenda nisingekuambia hata mlango mmoja, na ungelazimika kuhesabu dohani mwenyewe kama mwanamume. Lakini ungekuwa umenifanyia uadui wa wazi, na uadui wa wazi wa mtoto mama anaujua, anaushinda kila siku tangu mtoto aote meno.

Kuna neno moja tu limenikwama. Mwezi wa nane.

Barua yako ya "nimekumbuka nyumbani" ni ya mwezi wa tisa. Nimeitoa, nikaiweka kando ya hii, nikaangalia tarehe, nikavaa miwani ya baba yako nikaangalia tena. Ulikuwa umeshainua mkono. Ulikuwa na kazi tayari, na kazi yenyewe nilikuwa mimi. "Nitembeze, mama." "Hakuna anayesimulia kama wewe." Mimi nilikushika mkono kweli, Ambrose! Nilipokuwa naandika nilikuwa nakuona upande wangu wa kushoto, mfupi, na ile kofia yako kubwa. Na kumbe nilikuwa nimemshika mkono Kapteni.

Mtu akinitukana nitalala usingizi. Masufuria niliyavumilia. Dorcas kuninyima salamu, naumia, lakini ana haki, watoto wake watatupwa nje. Ila wewe ulijua kitu kimoja kunihusu, kwamba nikisifiwa nasema kila kitu. Hilo lilikuwa letu. Baba yako alikuwa akilicheka kwa mapenzi. Wewe umelitumia kama ufunguo.

Vyumba vyako viwili sitaki. Mimi sijafanya kosa la kunihamisha. Nikiondoka Cattersham sasa, watasema hadi nife kwamba Keziah alikula kura zetu akakimbilia kwa mwanawe. Nitabaki hapa, na nitateka maji saa mbili asubuhi kama watu wengine. Nimeanza Jumatatu. Hawakunijibu, lakini walinipisha.

Juzi nikafanya jambo. Nilikwenda bombani palipokuwa pamejaa, nikaweka ndoo chini, nikasema kwa sauti yangu yote, unaijua: "Mwanangu Ambrose anakuja!"

Dorcas akasema, "Anakuja kuhesabu nini tena?" Wengine wakacheka, na nilifurahi, Mungu anisamehe, maana ni mara ya kwanza tangu Machi kusikia watu wakicheka karibu yangu. Nikamjibu, "Anakuja kuhesabiwa yeye. Mtamuuliza mnachotaka, na atawajibu amesimama." Akaniuliza, "Na akikataa?" Nikamwambia, "Nimemzaa mimi. Kwa siri anaweza mengi. Mbele za watu hajawahi kunikana."

Nilisema hivyo, Ambrose. Sijui kama ni kweli. Zamani ningeapa.

Utasimama kwenye Soko la Nafaka, si jukwaa la kura, hilo wameshalivunja likawa kuni. Utasema kwa kinywa chako kwamba uliniuliza ukijua, na mimi nilijibu bila kujua. Hayo tu kunihusu mimi. Yaliyobaki ni yao. Watu wa Mtaa wa Nyuma watakuuliza watalala wapi baada ya Mtakatifu Mikaeli, na wewe usije na "nimeumia sana." Viwanda vya Brockhurst vinatafuta mikono na vina nyumba za wafanyakazi, na wewe uliyechora mpaka wa mji huo lazima unawajua mameneja kwa majina. Basi waulize kabla hujaja. Na kama haki unayoisema ni ya kweli, ieleze mbele ya Dorcas kama ulivyonieleza mimi. Atakutukana. Msikilize hadi amalize. Huwa anamaliza.

Kabla hujauliza: ndiyo, nimewaambia wao kabla yako. Mjomba wako alisema si vizuri, mtoto angeulizwa kwanza. Nikamwambia, "Enoch, huyu mtoto alinifundisha kwamba mtu si lazima aulizwe."

Kitanda chako nimekitandika. Nitapika, kwa sababu siwezi kukaa na wewe nyumba moja bila kukulisha, hasira au si hasira. Ukifika usinikumbatie barabarani, watu wataona ni mchezo. Tutasalimiana kwa mkono, kisha tutaona.

Na usipokuja, nitakwenda Sokoni peke yangu, na kofia ya kanisani, nitasimama pale ulipopaswa kusimama, na nitawajibu mimi. Wajue angalau mmoja wetu alikuja.

Mama yako,
Keziah Pardoe

Siku yenyewe: Jumamosi, tarehe 30 Juni, saa nane mchana. Dorcas na wanawe, Gideon, ndugu wa kwa Fripp, Purkis na mpwa wake, mwenye baa, Enoch. Mji mzima unakuja.